Uliza Fundi: Mshale wa temperecha haupandi, injini ni baridi kweli au geji inadanganya?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina pikapu ya petroli ya mwaka 1991, injini ya kabureta, nimekaa nayo muda mrefu naijua vizuri. Zamani mshale wa temperecha ulikuwa unapanda mpaka karibu na nusu halafu unatulia hapo hapo. Siku hizi unaishia juu kidogo tu ya C (alama ya baridi), nikiwa kwenye foleni unapanda kidogo, nikishika barabara kuu nikakimbia unashuka tena unakaribia kulala kabisa. Fundi wa kwanza kasema sensa, wa pili kasema themostati, wa tatu kaniambia niitoe hiyo themostati nitupe maana injini ikiwa baridi ndio inadumu. Mafuta naona inakula kuliko zamani. Nimsikilize nani? Na kwani injini kuwa baridi nalo ni tatizo?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na asante kwa kueleza vizuri, maana hapo kwenye foleni na barabara kuu umeshanipa nusu ya jibu. Sensa, yaani kile kifaa kinachopima joto la maji na kupeleka taarifa kwenye geji, ikiwa mbovu haijui kama uko kwenye foleni au unakimbia. Waya uliolegea nao haujui. Mshale ukishuka kila ukikimbia na kupanda kila ukisimama, mara nyingi unapima kitu cha kweli, yaani upepo unapita kwenye rejeta, maji yanapoa, na hakuna kitu kinachoyazuia yasirudi kwenye injini yakiwa ya baridi. Kitu chenye kazi ya kuyazuia ni themostati. Kwa hiyo hapo mimi namwelekea fundi wa pili, ila usinunue kitu bado, tuhakikishe kwanza.

Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linaloharibu magari mengi. Ndiyo, injini kuwa baridi ni tatizo, tena tatizo la kimya kimya, maana inayochemsha inapiga kelele na moshi unauona, hii ya baridi inakula injini taratibu na mwenye gari anafurahi. Injini nyingi za petroli zimetengenezwa zifanye kazi maji yakiwa kwenye nyuzi 80 mpaka 95 hivi za Selsiasi. Ikiwa chini ya hapo petroli haigeuki mvuke vizuri, nyingine inabaki matone, inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremkia chini kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), oili inakuwa nyepesi. Unyevu unaotokana na kuungua kwa mafuta ulitakiwa utoke kama mvuke, sasa unabaki ndani unachanganyika na oili, fungua mfuniko wa oili uangalie kwa ndani, ukikuta utando wa rangi ya maziwa kwenye gari ambayo kulanti (maji ya dawa ya kupozea injini) haipungui basi ni huo unyevu. Plagi zinakuwa nyeusi. Na kama kabureta yako ina choki (kizibo kinachoongeza petroli injini ikiwa baridi) ya otomatiki inayopashwa na maji ya injini, choki haifunguki yote, ndio hayo mafuta unayoona yanaliwa. Gari za injeksheni nazo hivyo hivyo, kompyuta inadhani bado ni asubuhi injini haijapata moto, inaendelea kumwaga petroli, na gari nyingi za otomatiki haziingizi gia ya mwisho mpaka injini ipate joto.

Sasa themostati yenyewe. Ni kivalvu kidogo kinachokaa kwenye njia ya maji, katikati kina kikopo cha shaba chenye nta ndani. Nta ikiyeyuka inatanuka, inasukuma pini, valvu inafunguka, maji yanakwenda kwenye rejeta. Nta ikipoa springi inarudisha valvu inafunga. Juu yake kumegongwa namba, 82 au 88 kwa mfano, hiyo ndiyo nyuzi inapoanza kufunguka, na inafunguka yote nyuzi kama 10 mpaka 15 mbele ya hapo. Ikizeeka springi inachoka, au kutu na uchafu vinajaa kwenye mdomo wa valvu haikai vizuri, inabaki wazi hata kidogo tu, na uwazi kidogo unatosha kabisa kuipoza injini ukiwa kwenye mwendo.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, hakikisha kwanza kulanti imejaa, washa gari, shika mpira wa juu wa rejeta (angalia mkono usiwe karibu na feni wala mkanda). Themostati ikiwa nzima mpira unabaki baridi dakika kadhaa huku injini yenyewe inapata moto, halafu ghafla unausikia unapata joto na mgumu kidogo, hapo imefunguka. Ikiwa imekwama wazi, au mtu alishaitoa zamani hujui, mpira unaanza kuwa vuguvugu mapema tu na unapanda polepole pamoja na injini, hakuna ile ghafla. Hiyo ghafla ndiyo unayoitafuta. Ila kuna injini ambazo themostati iko upande wa chini, pale maji yanaporudi kutoka kwenye rejeta, kwa hizo ushike mpira wa chini, ndio utabaki baridi halafu ubadilike.

Pia washa hita ya ndani ikiwa inafanya kazi. Ukikimbia upepo unatoka vuguvugu tu na mshale uko chini, injini ni baridi kweli. Upepo unatoka moto unaunguza mkono na mshale uko chini, hapo mshale unadanganya. Nimeona watu wamenunua vitu vitatu vinne wakati hita ingewaambia mapema.

Ukiweza kuazima kipima joto cha mwanga, kile unachoelekeza kama bastola, elekeza kwenye nyumba ya themostati gari ikiwa imetoka kutembea. Lakini usielekeze kwenye alumini inayong'aa, itakusomea chini sana kuliko ukweli, bandika kipande cha tepu nyeusi hapo upime juu ya tepu. Ukipata nyuzi 60 baada ya mwendo mrefu, jibu umelipata, ukipata 85 au 90 na mshale uko kwa C, soma jibu la swali linalofuata maana ndilo lako.

Ukishaifungua themostati itazame kwenye mwanga. Ikiwa baridi halafu unaona mwanga unapita pembeni ya valvu, imekufa, huna haja ya kuhangaika. Kama imefunga vizuri, itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipima joto, visiguse chini ya sufuria, chemsha taratibu uangalie inaanza kufunguka kwenye nyuzi ngapi. Ikianza kwenye 70 na imeandikwa 88, badilisha. Kumbuka maji yanachemka kwenye nyuzi 100 ukiwa usawa wa bahari, ukiwa kwenye mwinuko wa mita 1,500 yanachemka kwenye 95 hivi, kwa hiyo ya 88 inaweza isifunguke yote kwenye sufuria na ikawa nzima kabisa. Usiihukumu kwa hilo.

Ukifunga mpya, upande wenye kikopo na springi ndio unaotazama injini, ukigeuza nta itakuwa inapima maji ya rejeta na gari itachemsha. Ukiona ina kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza, kikae juu, pale ndipo hewa inatokea. Nunua yenye nyuzi zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, usishuke chini eti joto ni kali huko nje.

Na huyo fundi wa tatu, kwa heshima yote, usimfuate. Naomba sana. Mbali na hayo ya mafuta na oili, kuna injini nyingi ambazo themostati ina kisahani cha pili kwa nyuma, kazi yake ni kuziba njia ya mkato injini ikishapata moto ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi moja kwa moja, sehemu ya maji yanazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta, kwa hiyo ukikimbia mtupu iko baridi, ukipanda mlima na mzigo inachemsha. Mwenye gari anashangaa mbona haina themostati na bado inachemsha, kumbe ni kwa sababu haina.

Mtu atakuambia pia ni feni, imeungwa moja kwa moja haizimi. Ni kweli feni hiyo inakula nguvu na ukairekebishe, lakini themostati ikiwa inafunga vizuri feni peke yake haiwezi kuilaza injini namna hiyo, maana maji yakipoa valvu inafunga.

SWALI: Shikamoo fundi. Gari yangu ni saluni ya 1997, ya injeksheni. Mshale uko robo tu hata nikitembea masaa, hauchezi nikikimbia wala nikisimama. Nimebadilisha themostati, hita inatoa moto vizuri. Nikiwasha taa kubwa mshale unashuka kidogo. Naona shida ilianza baada ya kubadilisha sensa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hita moto na mshale hauchezi, basi injini yako ni nzima, shida iko kati ya sensa na geji, na hilo la taa kubwa ulilolitaja limenifurahisha maana wengi hawaliangalii.

Kwanza ujue gari za miaka hiyo mara nyingi zina sensa mbili kwenye maji, moja ya kompyuta na nyingine ya geji tu, kwa kawaida ya geji ina waya mmoja na ya kompyuta ina nyaya mbili (kuna gari zina moja inayofanya kazi zote). Hakikisha uliyobadilisha ni ya geji. Nimeshaona sensa ya kompyuta inabadilishwa mara kwa mara na mshale hausogei, na hautasogea hata ukibadilisha kumi.

Sensa hizi zinafanya kazi kinyume na watu wanavyodhani: zikiwa baridi ukinzani (kule kuzuia umeme usipite, kunakopimwa kwa omu) ni mkubwa, zikipata moto ukinzani unashuka. Ile ya kompyuta kwa kawaida inasoma omu 2,000 mpaka 3,000 kwenye nyuzi 20, na kwenye nyuzi 80 inabaki omu 200 au 300 hivi. Ya geji namba zake zinatofautiana sana gari na gari ila mwendo ni huo huo. Maana yake kitu chochote kinachoongeza ukinzani njiani, kutu kwenye kichwa cha waya, waya uliokatika nyuzi nusu, ethi mbovu (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi), geji inakisoma kama ubaridi. Ndio maana gari zilizozeeka zinapenda kusoma chini.

Sasa fanya hivi. Swichi ikiwa on na injini imezimwa, chomoa waya wa sensa ya geji, mshale ulale kabisa. Halafu gusisha ule waya kwenye chuma safi cha injini, sekunde chache tu mshale ukiwa unapanda, usiache ukagonga mwisho ukakaa hapo maana geji inaweza kuungua. Kwenye gari nyingi za zamani utakwenda kwa H (alama ya moto). (Kuna chache zimeundwa kinyume, angalia kitabu cha gari yako kwanza.) Ukipanda vizuri, geji na waya ni wazima, mwenye kosa ni sensa au ethi yake. Usipopanda, au ukapanda nusu tu, sensa haina hatia, fuata waya mpaka kwenye dashibodi.

Kwa gari yako naona watuhumiwa wawili. Sensa ya waya mmoja inapata ethi kupitia thredi zake (yale meno ya kuzungusha) zilizofungwa kwenye injini, sasa wakati wa kubadilisha fundi akizungusha tepu nyeupe ya bomba mizunguko mingi ili maji yasivuje, chuma hakigusi chuma vizuri, mshale unasoma chini. Ifungue, toa tepu, safisha thredi kwa brashi ya waya, rudisha. Wa pili ni sensa yenyewe kuwa ya gari nyingine. Thredi zinaingia vizuri, kichwa cha waya kinakaa, kila kitu kinaonekana sawa ila ukinzani wake si wa geji yako, basi itasoma robo maisha yake yote. Ukiwa na ile ya zamani hujaitupa ziweke zote mbili kwenye sufuria moja ya maji ya moto, pima kwa multimita kati ya kichwa na mwili wa sensa, zikitofautiana sana umempata.

Na hiyo ya taa kubwa inaelekeza kwenye ethi, ya injini kwenda kwenye bodi, au ya dashibodi yenyewe. Taa zikiwaka umeme mwingi unatafuta njia ya kurudi betri, njia ikiwa na kutu volti zinapotea hapo na geji inaona tofauti. Fungua ule waya mnene wa ethi, piga msasa mpaka chuma kimeng'aa pande zote mbili, kaza. Anza na hilo kabla ya kununua chochote, mwanangu.

SWALI: Fundi, mimi gari ni Land Rover ya zamani, mshale wa temperecha uko chini na wa mafuta nao uko chini hata nikijaza tangi. Vyote vimekufa pamoja?

JIBU: Havijafa mzee wangu. Geji za aina hiyo zinapashwa na umeme polepole, na kwa nyuma ya dashibodi kuna kidude kidogo kinachopunguza volti 12 za betri na kuzigawia geji zote mbili kama volti 10 kwa wastani. Kikichoka, au ethi yake ikiwa na kutu, geji zote mbili zinapotea pamoja, ama zote chini ama zote juu. Safisha ethi yake kwanza, ikishindikana kibadilishe, siku hizi vipo vya kielektroniki ambavyo vinatulia kuliko vile vya zamani. Sensa usiziguse.

SWALI: Nimebadilisha mpira wa juu wa rejeta uliokuwa unavuja, nikajaza maji. Sasa mshale uko C kabisa lakini nasikia harufu, na jana niliona mvuke kwenye boneti. Hita inatoa baridi. Naendelea kutembea kwa sababu mshale unasema iko poa. Ni sawa?

JIBU: Hapana dada yangu, simamisha gari leo, usiwashe tena mpaka umalize kusoma hapa. Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote kwenye habari ya mshale kuwa chini. Sensa imetengenezwa ikae ndani ya maji. Kukiwa na hewa, au maji yamepungua mpaka sensa imebaki juu yake, inapima hewa iliyonaswa pale na inasoma chini, huku chuma cha silinda hedi (kile kichwa cha injini juu ya silinda) kinaungua. Mshale chini, hita baridi, mvuke juu, vitu hivyo vitatu vikikutana ni maji hayapo pale yanapotakiwa. Silinda hedi inapinda, gasketi (kizibo kati ya hedi na injini) inaungua, na geji haitakuambia neno.

Acha ipoe kabisa, masaa kadhaa. Mfuniko wa rejeta usiufungue ukiwa moto, mfumo ule unafungwa kwa presha, mfuniko wa psi 15 unayafanya maji matupu yasichemke mpaka kwenye nyuzi 120 hivi, ukifungua presha inatoka na maji yanalipuka usoni papo hapo. Ikishapoa jaza, ikiwezekana egesha gari pua ikiwa juu kidogo, weka hita kwenye moto wa mwisho, washa mfuniko ukiwa wazi, subiri injini ikizunguka polepole bila kukanyaga mafuta huku unaona mapovu yanatoka, jazia kila yanaposhuka. Injini nyingine zina skrubu ya kutolea hewa karibu na themostati, ilegeze mpaka yatoke maji bila mapovu kisha kaza. Themostati ikishafunguka kiwango kitashuka ghafla, jazia tena, funga. Hita ikianza kutoa moto ujue maji yamefika.

Halafu angalia kwa siku kadhaa asubuhi ikiwa baridi. Ikiendelea kupungua na huoni inapovujia, au mapovu hayaishi kabisa kwenye rejeta, mpelekee fundi apime gasketi ya hedi, maana umeshatembea nayo hivyo na nisingependa tukuambie iko sawa kabla haijapimwa. Na hayo maji ubadilishe uweke kulanti iliyochanganywa vizuri, maji matupu yanaleta kutu ambayo ndiyo inayoharibu themostati tulizoziongelea hapo juu.

SWALI: Nina lori la zamani sana, geji ya temperecha haina waya, ina kapaipu kembamba kama uzi kanatoka kwenye injini mpaka kwenye dashibodi. Mshale umelala moja kwa moja. Natesti vipi?

JIBU: Hiyo haitumii umeme, usihangaike kugusisha chochote kwenye bodi. Kule kwenye injini kuna kichwa kama risasi chenye kimiminika kinachogeuka mvuke haraka, joto likipanda presha inapita kwenye hako kapaipu na kunyoosha bomba dogo lililokunjwa ndani ya geji, mshale unasogea. Kapaipu kakipata ufa au kakikunjwa mpaka kakakatika, presha inatoka na mshale unalala usiamke tena. Injini ikiwa baridi, chomoa kichwa, kiweke kwenye maji yaliyochemka. Mshale ukipanda, geji ni nzima, rudi kwenye themostati na kiwango cha maji. Usipopanda, badilisha seti nzima, kichwa, kapaipu na geji, vinauzwa vikiwa vimeungana. Ukikafunga kapya kazungushe mizunguko mipana karibu na injini ili mtetemo usikavunje, na usikapitishe karibu na ekzosi.